Kwa nini tulirudi tumechoka kuliko tulivyoondoka?

Swali: Mwaka jana mimi na mume wangu tuliwachukua watoto wetu, wa miaka 4 na 12, pamoja na mama yangu mzazi, tukaenda kituo cha mapumziko nje ya mji kwa wikendi nzima. Mabwawa, sauna, masaji, miti, ukimya, vyote vilikuwepo na vilikuwa vizuri. Lakini Jumapili usiku nilikuwa hoi kuliko Ijumaa. Sasa mume wangu anataka turudi. Nifanye nini ili safari hii nipumzike kweli? Na je, mtoto mdogo na mama, ambaye ana presha na anatumia dawa kila siku, wanaweza kuingia kwenye maji moto na sauna? (Mama wa Wawili)

Jibu:

Mama wa Wawili, pole, na ahsante kwa kuuliza wazi. Nimekanda watu kwa miaka mingi kwenye vituo kama hicho, kisha nikawa ndiye ninayepanga ratiba za wageni, kwa hiyo nimewaona wazazi wakiingia getini na nimewaona wakitoka. Uliyoyaeleza nayafahamu. Wengi hawayasemi kwa sababu wametumia fedha nyingi na wanaona aibu kukiri kwamba hawakupumzika.

Namkumbuka mama mmoja aliyelala kwenye kitanda changu cha masaji Jumamosi mchana. Chumba kilikuwa na kiza kidogo, mafuta yamepashwa moto, taulo limemfunika hadi kiunoni. Kila mlango ulipofungwa kule koridoni, misuli ya shingo yake ilikaza chini ya vidole vyangu kama kamba ya kuanikia nguo inapovutwa. Zilipopita dakika kama 20 akainua kichwa akaniuliza, "Huyo anayelia si wangu?" Hapakuwa na mtoto aliyelia. Nilimkanda saa nzima na shingo ile haikulegea hata kidogo. Mwili ulikuwa kitandani kwangu, masikio yalikuwa bwawani na wanawe.

Nadhani nawe mwaka jana ulikuwa hivyo. Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: akili kujitoa kabisa kwenye kazi, mwili kutulia, kufanya jambo jipya linalokupa hamu ya kulimudu, na kuwa na mamlaka juu ya saa zako mwenyewe. Mfanyakazi wa ofisini akiondoka mjini anaiacha ofisi nyuma yake. Wewe, kazi yako kubwa ya wikendi ni kuangalia watoto na mama, na hao mliingia nao kwenye gari. Ulihamisha mahali pa kazi, tena ukapelekwa penye maji ya kina na vyumba vya joto kali, ambako macho hayawezi kufumba hata dakika moja. Ungewezaje kupumzika?

Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusu watu zaidi ya 1,500. Waliokuwa wakijiandaa kwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wasiokwenda popote. Waliporudi, tofauti hiyo ilitoweka, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa sana. Likizo nzuri kiasi haikuwaachia kitu. Ninaamini hivyo ndivyo ilivyo pia kwa wikendi ya siku mbili, tena zaidi, kwa sababu muda wenyewe ni mfupi.

Kwa hiyo jibu langu la msingi ni hili: msiongeze huduma, gaweni zamu. Familia haiwezi kupumzika yote kwa wakati mmoja maadamu kuna mtoto wa miaka 4. Inawezekana tu kupumzika kwa kupokezana, na kupokezana huko kunatakiwa kupangwa kabla hamjafunga mizigo.

Zamu ya kweli ya kupumzika ina urefu. Dakika 45 za kukandwa si zamu. Mzazi hutumia dakika 15 za mwanzo kujiuliza kama ameacha taulo la mtoto, na 15 za mwisho kuwaza anachorudia. Mimi huwashauri wageni wajipe saa tatu kwa uchache, mfululizo, mara moja kwa kila mzazi. Mathalani wewe uchukue Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, na mumeo achukue alasiri hadi jioni. Usiku wa Jumamosi mtakaa wote pamoja, na mtaona mazungumzo ya mezani yatakavyobadilika mnapokuwa nyote wawili mmeshapata chenu.

Zamu ya kweli ina makabidhiano pia. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Mzazi anasema, "Mimi naenda kidogo, waangalie," kisha anabaki mita 20 kutoka bwawani, na kila jambo dogo linarudishwa kwake: kofia iko wapi, anakula saa ngapi, analia anakutaka. Kabidhini kwa maneno kamili kama wanavyofanya manesi wanapobadilishana zamu wodini. Amekula saa mbili, hajalala mchana, nguo za kubadilisha ziko kwenye mfuko wa bluu, hadi saa saba yeye ni wako. Kisha ondoka mahali ambapo hawakuoni wala huwasikii. Simu yako iache chumbani. Mumeo akihitaji kitu cha dharura, mapokezi wanajua ulipo. Mengine yote atayamudu kwa namna yake, hata kama namna hiyo siyo yako. Kama atamvisha mtoto fulana kinyumenyume, mwache aivae hivyo hivyo.

Nikuombe jambo moja kuhusu mama yako. Mabibi wengi nimewaona wakifika kituoni kama wageni na kuondoka kama walezi, kwa sababu kila mzazi anapotaka kupumua, mtoto anapelekwa kwa bibi. Yeye mwenyewe hatakataa, atasema "niachieni tu mjukuu wangu". Lakini alipanda gari lile lile kwa ajili ya mapumziko yale yale. Mwekeeni naye saa zake, na mumuulize anataka nini, maana mara nyingi anachotaka ni kukaa kivulini na binti yake wakaongea bila mtu kuwakatiza. Hilo halimo kwenye orodha ya huduma za kituo chochote.

Na huyo wa miaka 12, tafadhali msimfanye mlinzi wa mdogo wake majini. Anaweza kumsaidia kuvaa viatu, anaweza kumsomea hadithi. Kumwangalia mtoto mdogo bwawani ni kazi ya mtu mzima peke yake, na nitaeleza sababu hapa chini. Umri huo ndipo saa ya mwili inapoanza kusogea mbele, mtoto anachelewa kupata usingizi na anachelewa kuamka. Asubuhi ya Jumamosi mwacheni alale. Mkimwamsha saa kumi na mbili na nusu ili "tusipoteze muda", mtakuwa na mtu wa tano aliyenuna hadi jioni.

Sasa kuhusu wingi wa huduma. Vituo vya leo ni wajukuu wa miji ya chemchemi za maji ya madini ya Ulaya: Spa wa Ubelgiji, uliozaa neno lenyewe, Bath wa Uingereza, Vichy wa Ufaransa, Baden-Baden wa Ujerumani, Karlovy Vary wa Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza miji 11 ya namna hiyo, kutoka nchi 7, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu walikuwa wakikaa huko wiki kadhaa. Hata leo, nchini Ufaransa, tiba ya maji ya chemchemi inayolipiwa na bima ya afya huwa ya siku 18 za matibabu ndani ya wiki tatu. Mgonjwa anaoga, anapumzika, anatembea, analala, kesho tena, taratibu. Kituo cha kisasa kimechukua vitu vyote vya wiki tatu kikavipanga kwenye karatasi moja, na mgeni wa siku mbili anataka kuvionja vyote. Anatoka sauna anakimbilia masaji, kutoka masaji anawahi zoezi la pumzi, akitoka hapo miadi ya uso imeshaanza. Nilikuwa nikipanga ratiba hizo kwa mikono yangu na nilikuwa nawaona watu wakitembea kwa haraka wakiwa wamevaa kanda mbili na joho la kuogea, wakitazama saa ya ukutani.

Chagueni kitu kimoja cha kuwekewa miadi kwa kila mtu mzima kwa wikendi nzima. Kimoja tu. Mengine yafanywe mkijisikia, na yasipofanywa hakuna hasara.

Kabla ya kulipa chochote, piga simu kituoni uulize maswali ambayo hayako kwenye picha zao. Bwawa la watoto liko tofauti na la watu wazima, na linaonekana kutoka kwenye viti? Kuna saa ambazo watoto hawaruhusiwi sehemu ya sauna, na ni zipi, ili zamu zenu zilingane nazo? Vyumba viwili vinaweza kupakana? Kutoka kitandani hadi bwawani ni mwendo gani, maana mtu mwenye mtoto anayesinzia begani huuhisi kila mita? Mlinzi wa bwawa yupo saa ngapi hadi saa ngapi? Ukiona anayepokea simu anajibu haya bila kubabaika, kituo hicho kinawajua wageni wenye familia.

Usiku wa Ijumaa msitegemee mengi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mtu akilala usiku wa kwanza mahali pageni, upande mmoja wa ubongo hubaki macho kuliko mwingine, kama mlinzi, na husikia vishindo vidogo vilivyo vigeni. Ukiamka Jumamosi na macho mazito, jua kwamba kitanda hakina kosa. Kinachosaidia ni kufika mapema kabla ya giza, kupazungukia mahali na watoto wakaona choo kiko wapi na mlango unafungwaje, na kubeba foronya zenu kutoka nyumbani, zile zile mlizozilalia, bila kuzifua. Harufu ya nyumbani humtuliza mtoto mdogo kuliko maneno. Oga maji ya moto kiasi saa moja au mbili kabla ya kulala. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas uliona kwamba kuoga maji ya nyuzi 40 hadi 42.5 kwa wakati huo humfanya mtu mzima apate usingizi mapema, kwa wastani wa dakika 10 hivi. Sababu ni kwamba damu husogea kwenye viganja na nyayo, joto la ndani linashuka, na mwili huchukua kushuka huko kama ishara ya usiku.

Nije kwenye maji na joto, kwa sababu hapa ndipo nina wasiwasi nanyi.

Mtoto wa miaka 4 asiingie kwenye bwawa la maji moto yanayochemka kwa mapovu. Ushauri wa kitabibu ni kwamba watoto chini ya miaka 5 wakae nje kabisa. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo unapata joto upesi, na mtoto hatoi jasho kama mtu mzima. Tena ndani ya maji moto jasho halimpoozi mtu yeyote, kwa kuwa haliwezi kukauka kwenye ngozi iliyozama. Yule mkubwa wa miaka 12 anaweza kuingia kwa dakika chache, maji yasizidi nyuzi 40, mabega yakiwa juu ya maji, na mtu mzima akiwa kando yake. Wenye nywele ndefu wazifunge juu, na asikae mtu karibu na tundu la kunyonya maji kwenye sakafu au ukuta. Kama kuna mjamzito kati yenu, bwawa la maji moto na sauna aviache, hasa miezi mitatu ya mwanzo.

Kwenye bwawa la kawaida, kanuni ni mkono. Mtoto wa miaka 4 awe umbali ambao mkono wa mtu mzima aliye zamu ya kuangalia watoto unamfikia muda wote, na mtu huyo awe ndani ya maji au ukingoni kabisa, bila simu na bila kitabu. Watu wanangoja kusikia kelele na kuona mikono inarushwa. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwa sababu mdomo unakwenda chini ya maji na juu, chini na juu, na nafasi ndogo anayoipata anaitumia kuvuta pumzi. Kichwa kinaegemea nyuma, macho yametulia kama ya mtu anayewaza, na yote yanaweza kwisha ndani ya dakika moja. Vile vifuko vya hewa vya kuvaa mikononi ni vitu vya kuchezea, vinachomoka na vinapasuka. Akihitaji kitu cha kumwelesha, mvisheni jaketi okozi la saizi yake, na bado mkae karibu.

Kuhusu usafi wa maji, pua yako itakusaidia, ila kwa namna tofauti na wanavyodhani wengi. Bwawa linalonuka klorini kali kiasi cha kuwasha macho si bwawa lililotiwa dawa nyingi. Harufu ile inatokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na uchafu wa miili. Maji masafi karibu hayanuki. Waulize kipimo cha siku hiyo, nao wanapaswa kuwa nacho: kwenye bwawa la kawaida klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, kwenye bwawa la maji moto isipungue 3, kwa sababu joto huila dawa haraka. Pia mwoge kwa sabuni kabla ya kuingia, wote, mkiongozwa na nyie wazazi.

Bwawa la maji moto lisilotunzwa lina hatari nyingine inayowahusu zaidi wazee. Mwaka 1976 wajumbe waliohudhuria mkutano hotelini mjini Philadelphia, Marekani, waliugua nimonia kali na wengine wakafa. Mwaka uliofuata bakteria aliyehusika akatambuliwa, na baadaye akaitwa Legionela. Bakteria huyu hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, takriban nyuzi 20 hadi 45, na humwingia mtu anapovuta hewa yenye vitone vidogo vya maji, kama vile vinavyorushwa na mapovu. Wenye zaidi ya miaka 50 na wavutaji sigara ndio walio hatarini zaidi. Kuta zenye utelezi chini ya maji zikupe jibu: ukipitisha kidole ukakuta utando, usimwingize mama humo.

Sasa mama mwenyewe. Joto hupanua mishipa ya damu kwenye ngozi, moyo unalazimika kupiga haraka, na kwenye sauna ya nyuzi 80 hadi 100 mapigo yanaweza kupanda kama ya mtu anayetembea kwa kasi mlimani. Presha yenyewe mara nyingi hushuka. Hatari kwa anayetumia dawa za presha inakuja anaposimama: dawa imeshusha, joto limeshusha, jasho limetoa maji mwilini, na kama moja ya dawa zake ni ile ya kukojoza, maji yamepungua zaidi. Anasimama ghafla, kunakuwa giza machoni, anaanguka kwenye sakafu ya vigae iliyolowa. Wazee niliowahi kuwapokea wakiwa wameumia, wengi wao hawakuumizwa na moyo. Waliumizwa na kuanguka.

Hii haina maana kwamba amekatazwa. Mtu ambaye presha yake imetulia kwa dawa, na ambaye daktari wake amekubali, kwa kawaida anaweza kukaa sauna kwa muda mfupi. Kwa hiyo kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake na umuulize mambo matatu: presha yake imetulia kweli kwa miezi hii, kuna dawa yoyote anayokunywa inayogombana na joto, na moyo wake una tatizo lingine. Mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, au ambaye vali ya mshipa mkuu wa moyo imebana sana, huyo sauna si yake. Na asiache kunywa dawa siku ya safari ili "asishuke sana". Nimekutana na hilo mara kadhaa na linanitia hofu.

Akiruhusiwa, mkae naye benchi la chini, ambako joto ni afadhali, dakika 5 hadi 10 na si zaidi. Awe amekunywa maji kabla, na asiwe amekunywa pombe wala kula mlo mzito. Wakati wa kutoka, akae kwanza wima, miguu chini, avute pumzi kama kumi, ndipo asimame akishika mkono wako. Lile pipa la maji baridi wanaloruka vijana baada ya sauna alipite mbali, kwa maana baridi ya ghafla hubana mishipa na kupandisha presha juu kwa sekunde chache. Chumba cha mvuke kina joto la chini, nyuzi 40 na kitu, lakini hewa imejaa unyevu na jasho halikauki, hivyo usidhani ni chepesi kuliko sauna kwa sababu tu kipimajoto kinasoma kidogo.

Ingekuwa mama yangu, ningemchagulia beseni la kuloweka miguu. Maji ya kiasi cha joto la mwili au zaidi kidogo, yafike juu ya vifundo, dakika 15, akiwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, na blanketi magotini. Kama ana kisukari pia, miguu yake inaweza isihisi joto sawasawa, kwa hiyo pima maji kwa kiwiko chako wewe, siyo kwa unyayo wake. Wazee huchukulia hili kama jambo dogo hadi wanapolijaribu, na wengi husinzia pale pale.

Kwenye masaji, yako au ya mama, mwambieni mkandaji ukweli wote kabla ya kulala kitandani: dawa za kuyeyusha damu, uvimbe, upasuaji wa karibuni, mzio wa karanga au wa mafuta fulani, ujauzito. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kuliko mwenzake, usikandwe kabisa, kwani huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na hapo panahitajika hospitali. Mkandaji mwema hatakasirika ukimwambia "punguza nguvu". Mimi nilikuwa napenda mgeni aniambie, kwa kuwa vidole vinahisi mengi lakini havihisi maumivu ya mwenzako.

Nje ya majengo hakuhitaji maelezo mengi. Nendeni kwenye miti. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Marekani, nusu yao vitanda vyao vikitazama miti na nusu vikitazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Huko kwenu miti iko bure nje ya dirisha. Mtoto wa miaka 4 hatembei kwa ajili ya kufika, anasimama kwenye kila jiwe na kila mdudu, na nusu saa inaisha hamjafika kona ya kwanza. Mfuateni kwa mwendo wake. Kwa aliye zamu ya kuangalia watoto, hiyo ndiyo saa rahisi kuliko zote za wikendi.

Jumapili ndiyo siku inayoharibiwa zaidi. Saa nne asubuhi mapokezi wanataka funguo, mizigo imetapakaa, nguo za kuogelea zimelowa, na watu wazima wanaanza kusemeshana kwa ukali. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwahi kuwafanyia watu jaribio mwaka 1993: mara moja waliweka mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, mara nyingine kwa sekunde 60 zile zile, kisha nyingine 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu lilimalizika vizuri kidogo. Kumbukumbu yetu hupima kilele na mwisho. Kwa hiyo fungeni mizigo Jumamosi jioni, baada ya zamu ya mumeo, muache nje mswaki na nguo za safari tu. Ombeni mapema kutoka kwa kuchelewa au kuachiwa mizigo mapokezi. Asubuhi ya Jumapili ibaki na jambo moja, dogo, ambalo nyote watano mnalipenda, na muondoke mchana mkiwa mmeshalifanya. Nyumbani mfike kabla ya giza, na Jumatatu usijipangie kitu kizito ikiwezekana.

Huenda mara ya kwanza utakapopewa saa zako tatu hutajua ufanye nini nazo. Utakaa kwenye kiti, utainuka, utataka kwenda kuchungulia bwawani. Usiende. Hali hiyo hupita, kwa wengi ndani ya nusu saa, kisha mabega yanashuka yenyewe. Niliwahi kumkanda tena yule mama wa shingo ngumu, mwaka uliofuata. Safari hiyo mumewe alikuwa amewapeleka watoto kwenye miti tangu asubuhi, naye mama simu yake ameiacha kwangu mapokezi ndani ya bahasha. Alilala usingizi wa kukoroma kabla sijamaliza mgongo, nikamfunika taulo la pili nikazima taa.

Chukua karatasi Alhamisi jioni, uandike zamu za Jumamosi pamoja na mumeo, saa kwa saa, mama akiwepo. Zamu ya kwanza ya kupumzika iandike jina lako.